Uhakiki: karatasi iliyomo ndani ya boksi la asiklovia

Kwa kawaida safu hii inahakiki vitabu na filamu za sayansi. Leo nahakiki karatasi. Ukiikunjua ina urefu wa karibu mkono wangu, imechapwa pande zote mbili, na imekunjwa mara nyingi mpaka ikaenea ndani ya boksi la vidonge. Herufi zake ni ndogo kiasi kwamba nilibidi niipige picha kwa simu, niikuze, ndipo nisome. Ni karatasi ya maelezo ya asiklovia ya mg 800. Karatasi ya aina hii bila shaka umewahi kuishika. Pengine uliitoa ili vidonge vitoke vizuri, ukaitupa.

Kiwanda sikitaji. Nimesoma nyingine tatu za viwanda tofauti na zinafanana kama mapacha, kwa hiyo ninacholalamikia si cha kiwanda kimoja.

Hii niliyo nayo niliikuta nyumbani kwa mama mkubwa, Morogoro, juu ya kabati, bado imekunjwa vilevile ilivyotoka kiwandani. Wakati naikunjua, mwenyewe alikuwa amelazwa siku ya pili na hatambui watu.

Twende taratibu. Mama mkubwa ana miaka 68 na kisukari cha muda mrefu. Alitokewa na malengelenge upande mmoja wa mgongo, yakazunguka hadi chini ya titi, yanachoma kama moto. Mkanda wa jeshi. Virusi vyake ni vilevile vya tetekuwanga, ndugu wa karibu wa virusi vya herpesi vinavyoleta vidonda vya mdomoni na vya sehemu za siri, na dawa yao ni moja. Alipelekwa kituo cha afya siku iliyofuata, jambo zuri sana, maana kwa mkanda wa jeshi dawa inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Akaandikiwa mg 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7. Hiyo ndiyo dozi ya vitabuni, hakuna aliyeibuni. Akapewa na diklofenaki ya kutuliza maumivu.

Kichefuchefu kikamfanya asile wala kunywa vya kutosha. Siku ya tatu mikono ikaanza kutetemeka, maneno yakawa hayaeleweki, na akawa anazungumza na mdogo wake aliyefariki miaka mingi iliyopita. Jirani mmoja akasema malaria imepanda kichwani. Mwingine akasema kiharusi. Wifi yake akasema tusijidanganye, hayo ni mashetani, na anamjua mtu wa kuyatoa. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Hakuna aliyesema ni dawa, mimi nikiwemo, na mimi nasomea shahada ya uzamili ya famakolojia.

Hospitalini walipima kreatinini wakakuta figo zinafanya kazi chini ya robo ya kawaida. Asiklovia na diklofenaki zikasimamishwa, akawekewa dripu, na baada ya siku tatu akauliza kwa nini hajaletewa chai. Tulicheka mpaka tukalia.

Sasa turudi kwenye karatasi. Jambo lililoniuma ni kwamba yote haya yamo. Kuchanganyikiwa kumo. Kutetemeka kumo. Kuona vitu ambavyo havipo kumo. Kwamba wazee na wenye figo dhaifu wapunguziwe dozi, limo, tena pamoja na jedwali. Ukiipima karatasi hii kwa ukweli peke yake, inapata alama zote. Ila maandishi yana swali la pili, ambalo wahakiki wa fasihi wanaliuliza kila siku na watu wa dawa hatuliulizi: anasemeshwa nani?

Lugha ni Kiingereza upande mmoja, Kifaransa upande wa pili. Mama mkubwa anasoma Kiswahili vizuri, gazeti analimaliza hadi matangazo ya vifo. Hilo la lugha linajulikana, sitalirefusha. Hata ingetafsiriwa neno kwa neno bado isingemsaidia, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Tazama sentensi yake muhimu kuliko zote: mwambie daktari kama una matatizo ya figo. Inaonekana safi. Lakini mama mkubwa hakuwa na matatizo ya figo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyewahi kumwambia anayo. Figo hupungua nguvu kimyakimya. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake akiwa bado analima, anapika na anakwenda kwenye vikao vya harusi. Sentensi hiyo inamtaka mgonjwa atoe taarifa ambayo hana. Taarifa alizo nazo ni nyingine: umri wake, kisukari, presha, kwamba siku hizi mkojo ni mdogo, kwamba miguu inavimba jioni. Karatasi inayomjua msomaji wake ingeuliza hayo. Hii imeandikwa na mtu anayejua ugonjwa, kwa ajili ya mtu anayejua ugonjwa, halafu ikawekwa kwenye boksi la mtu anayeumwa.

Halafu kuna neno "nadra sana". Karatasi inapanga madhara kwa makundi, na kuchanganyikiwa kumewekwa mwishoni kabisa, kwenye kundi la nadra sana. Katika lugha ya viwanda vya dawa maana yake ni chini ya mtu 1 kati ya watumiaji 10,000. Sawa, lakini hao 10,000 ni akina nani? Wengi ni watu wazima wenye figo nzima, wenye kidonda cha mdomoni, wanaokunywa vidonge vidogo kwa siku chache. Kwao dawa hii ni miongoni mwa dawa salama tulizo nazo, na ningependa hilo lisomeke vizuri ili asitokee mtu wa kuacha dozi yake leo kwa sababu ya shangazi, sorry, mama mkubwa wa mtu wa Morogoro. Ila ukimchukua mwenye figo dhaifu ukampa dozi kamili ya mkanda wa jeshi, huyo si mmoja wa wale 10,000. Yuko kwenye hesabu nyingine, na karatasi imemchanganya na umati.

Kwa nini figo? Fikiria ndoo yenye tundu chini, na wewe unamimina kikombe kila baada ya muda. Tundu likiwa wazi, maji hayapandi kupita kiasi. Asiklovia hutoka mwilini karibu yote kwa njia ya figo. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa iliyomo kwenye damu huondoka kwa saa 3 hivi. Kwa mtu ambaye figo zimesimama kabisa, nusu hiyo huchukua karibu saa 20. Wakati huo kikombe kingine kinakuja kila baada ya saa 4. Ndoo inafurika, na dawa pamoja na mabaki yake inafika kwenye ubongo kwa kiasi kisichotakiwa. Tena dawa yenyewe ikizidi na maji yakipungua inaweza kuganda kama chembe za chumvi ndani ya mirija ya figo na kuliziba tundu lilelile. Ndiyo maana jedwali la karatasi linasema mtu mwenye figo za kiwango cha mama mkubwa apewe mg 800 kila baada ya saa 8, yaani mara 3 kwa siku badala ya mara 5. Kwenye kidonge hakuna cha kubadilisha, ni saa tu.

Jedwali hilo limeandikwa kwa kipimo cha usafishaji wa kreatinini, mililita kwa dakika. Nalipenda, kusema kweli. Ni sehemu pekee ya karatasi iliyoandikwa na mtu aliyejua anamwandikia nani: mtoa dawa. Shida ni kwamba mtoa dawa ana foleni dirishani, boksi halifungui, na jedwali linakwenda nyumbani na mgonjwa.

Kile kinachokwenda kichwani mwa mgonjwa ni maandishi mengine kabisa, yale ya kalamu juu ya boksi au bahasha: 1x5. Hayo ndiyo maandishi ya kitabibu yanayosomwa kuliko yote nchini, na hayajawahi kupata mhakiki. Moja mara tano. Lini? Rafiki yangu wa bwenini, aliyepewa vidonge vya mg 200 kwa vidonda vya sehemu za siri, alivimeza vyote vitano kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni, akalala saa 12 bila kitu. Kwa dawa ambayo nusu yake huisha kwa saa 3, usiku mzima virusi vilikuwa huru. Mwingine akiona mara tano ni nyingi, anaunganisha viwili viwili. Hapo napo hapati faida anayoitegemea, maana utumbo hunyonya sehemu ndogo tu ya asiklovia, na kadiri unavyomeza nyingi kwa mkupuo ndivyo sehemu inayonyonywa inavyozidi kupungua.

Na hapa Kiswahili kina zawadi ambayo Kiingereza hakina. Kwa saa zetu, kila baada ya saa 4 ni 12, 4, 8, kisha tena 12, 4. Saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Saa 8 ya usiku unalala, hiyo umesamehewa. Namba tatu zinazozunguka, mtoto wa darasa la pili anazikariri. Sijaiona kwenye karatasi wala kwenye bahasha yoyote. (Wenye valasiklovia wana nafuu zaidi. Inanyonywa vizuri, kwa hiyo mara 2 au 3 kwa siku inatosha. Bei ndiyo inayoamua. Na kwa figo, onyo ni lilelile, kwa sababu ikishaingia mwilini inageuka kuwa asiklovia.)

Sehemu ya dawa zisizopatana nayo inastahili kusemwa vibaya kidogo. Inaanza na probenesidi, dawa ya jongo ambayo sijawahi kukutana na mtu wa mtaani kwetu anayeitumia. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila nyumba inazo na ambazo mwenye mkanda wa jeshi atazikimbilia kwa sababu ya maumivu, hazimo kwenye karatasi yangu. Dawa hizo zinaweza kupunguza damu inayofika kwenye figo, hasa kwa mzee asiyekunywa maji. Tenofovia nayo haimo, wakati ndiyo iliyo ndani ya kidonge cha kila siku cha watu wengi sana wanaotumia ARV hapa kwetu, na maelezo ya tenofovia yenyewe yanaitaja asiklovia kwa jina, kwa kuwa zote mbili zinagombea mlango mmoja wa figo. Kutumia zote mbili hakukatazwi, na madaktari huziandika pamoja. Kinachotakiwa ni aliyeandika moja ajue kuhusu nyingine. Na hapo aibu inaingia. Mtu anayeficha ARV dirishani kwa sababu nyuma yake amesimama jirani hatasema, hata karatasi ikiandikwa kwa dhahabu.

Tuwe waungwana pia. Kuna aya moja ninayoipenda. Ukisahau dozi, meza unapokumbuka. Kama ya pili imekaribia, iache iliyopita. Usimeze mbili kwa pamoja ili kufidia. Fupi, inaelekeza kitendo, inajibu swali ambalo msomaji analo kweli. Mtu aliyeandika aya hiyo angepewa karatasi nzima.

Kinachokosekana kabisa ni habari ya dawa yenyewe, na kwangu hiyo ni hasara, kwa sababu asiklovia ni hadithi nzuri. Imeumbwa kufanana na tofali moja la kujengea DNA, ila imekatwa kipande. Ikiingia kwenye seli nzima, karibu hakuna kinachotokea. Ikiingia kwenye seli yenye virusi, kimeng'enya cha virusi vyenyewe, thaimidini kinasi, kinaiwasha. Vimeng'enya vya seli vinamalizia kazi. Kisha virusi vinapojenga DNA yao vinalichukua tofali hilo bovu na ukuta unaishia hapo. Yaani adui anafunga bomu mwenyewe. Gertrude Elion, ambaye timu yake katika kampuni ya Burroughs Wellcome ilifumbua jinsi dawa hii inavyofanya kazi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988 pamoja na George Hitchings na James Black. Hakuwahi kumaliza shahada ya uzamivu. Sisi tunaoandika hapa tunajifariji kwa hilo mara kwa mara.

Hiyo hadithi si pambo. Ukiielewa, unaelewa pia mipaka ya dawa. Inakamata virusi vinapojenga tu. Virusi vilivyolala ndani ya mafundo ya neva havijengi kitu, kwa hiyo dawa haivigusi, na vitaamka siku vikitaka. Ndiyo sababu kuanza mapema kuna maana kubwa: kwa herpesi inayojirudia, vidonge vinasaidia zaidi vikianzwa ndani ya siku ya kwanza, hata pale unaposikia mwasho kabla kidonda hakijatoka. Ndiyo sababu pia krimu ya kupaka ina msaada mdogo sana kwa vidonda vya sehemu za siri. Na ndiyo sababu lile tangazo linalozunguka kwenye makundi ya simu, la dozi ya siku 30 "inayomaliza herpesi mwilini kabisa", ni uongo, hata likiwa na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Nikilinganisha maandishi hayo mawili, tangazo linamshinda mwandishi wa karatasi kwa kila kitu isipokuwa ukweli. Lina Kiswahili, linamwita msomaji "ndugu yangu", linajua kwamba anaona aibu na kwamba anataka kusikia neno moja tu, kupona. Karatasi ina sentensi moja kavu kwamba dawa haiponyi kabisa, halafu inaendelea na rangi ya kidonge.

Na watu wanaohitaji kuambiwa hayo ni wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana herpesi aina ya kwanza, ile ya mdomoni zaidi. Kwa aina ya pili kuna jambo ambalo karatasi ingeweza kulisema kwa mistari miwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, kwa wenza ambao mmoja tu ndiye aliyekuwa na virusi, ulionyesha kwamba mg 500 za valasiklovia kila siku zilipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Nusu, si yote. Na matumaini kwamba kutibu herpesi kungepunguza na VVU yalijaribiwa hapahapa: kaskazini magharibi mwa Tanzania, wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, hoteli na migahawa walikunywa asiklovia mg 400 mara 2 kwa siku kwa mwaka mmoja au zaidi. Majibu yalitoka 2008: haikuwakinga. Utafiti mkubwa zaidi wa wenza katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, ulitoa jibu la aina hiyohiyo mwaka 2010. Vidonda vilipungua sana, maambukizi ya VVU hayakupungua. Kwa hiyo anayemeza asiklovia bado anahitaji kondomu, na akiwa na kidonda bado anahitaji kusubiri. Hayo yametokana na miili ya watu wa hapa, na bado hayajaifikia karatasi inayouzwa hapa.

Niliporudi chuoni niliandika toleo langu. Upande mmoja wa karatasi, Kiswahili, herufi kubwa. Linaanza na maswali: una zaidi ya miaka 65? Una kisukari au presha? Unatumia dawa nyingine yoyote, hata ya maumivu? Ukijibu ndiyo hata mara moja, mwambie aliyekupa dawa kabla ya kumeza cha kwanza. Kisha saa: 12, 4, 8, 12, 4. Kisha: ukianza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuona vitu, au mkojo ukipungua, usisubiri dozi iishe, nenda hospitali leo na ubebe boksi. Na mstari mnene kuliko yote: KUNYWA MAJI MENGI.

Nikampelekea mama mkubwa, nikijisikia mtu wa maana. Aliisoma mara mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Hapa kwenye maji," akasema. "Mengi ni kiasi gani, mwanangu?"

Nikamwambia glasi nane hivi, kumi.

"Mimi kliniki ya figo wameniambia lita moja kwa siku, nisizidishe, miguu inavimba. Sasa nimsikilize nani, wao au karatasi yako?"

Nimeufuta mstari ule. Mpya unasema: uliza, kwa hali yako, maji kiasi gani kwa siku. Chini yake nimeacha nafasi tupu ili mtoa dawa aandike namba kwa kalamu.